Mbu ni kero, bomba kavu ni shida

Jumamosi nilihudhuria mkutano wa mtaa, ule wa kusikiliza kero za wananchi. Mama mmoja wa makamo akasimama, khanga kaifunga kiunoni, akasema bomba lake halijatoa hata tone, wiki ya tatu sasa. Dumu la lita 20 ananunua shilingi 500, na ndani ana binti aliyejifungua juzi. Afisa akaandika, kisha akasema, "Mama, kero yako tumeipokea." Mama hakukaa. "Mwanangu, kero ni mbu. Mimi sina maji."

Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo.

Mbu anayeimba sikioni anakera. Konda anayeshikilia chenji yako mpaka unashuka anakera. Ukimwambia mtu "unanikera" umetaja zaidi hali ya moyo wako. Mwenzako aliyekaa pembeni huenda hakereki kabisa. Hapo ndipo ninapoona hatari. Ukosefu wa maji ukiitwa kero, unatolewa kwenye bomba na kuwekwa kifuani mwa yule mama, kana kwamba akituliza roho mambo yamekwisha. Maji yasipotoka hayatoki, hata uwe na subira ya Ayubu. Mtoto mchanga hakerwi na kukosa maji. Anaugua.

Hata neno linalofanana nalo linaonyesha hivyo hivyo. Koo likiwasha tunasema linakereketa, na mkereketwa wa chama ni yule asiyetulia mpaka akisemee. Ni mwasho, na mwasho mtu hujikuna ukapoa.

Wazee wa pwani walisema penye udhia penyeza rupia. Sawa, lakini yule mama rupia anazipenyeza kila alfajiri, dumu kwa dumu, na bomba ni kavu vilevile.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba neno limeshazoeleka. Kero za Muungano zimejadiliwa miaka na miaka, na Bara na Visiwani kila mtu anajua kuna mambo mazito humo, mgawanyo wa mapato ukiwemo. Na sisi wenyewe tunasimama mikutanoni tukisema "kero yangu ni hii". Tumefundishwa kuomba kwa sauti ya chini. Neno "changamoto" nalo limetufanyia hivyo hivyo. Shida, dhiki, taabu: maneno tunayo, na yana uzito wake. Anayeyasikia anajua kuna mtu anaumia.

Siku ile mimi nilikuwa nimejiandikisha kulalamikia muziki wa baa ya jirani, unaopigwa mpaka saa tisa usiku. Hiyo ni kero, kero hasa. Nililiona jina langu kwenye daftari la afisa, mstari mmoja chini ya la yule mama, safu ileile, zote mbili zimeandikwa "kero". Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasema nami nimekuja kwa ajili ya maji.