Mtoto wa mbwa mkubwa asiharakishwe kukua

Hapa Malindi mtoto wa mbwa wa jamii kubwa husifiwa kwa jambo moja tu: ukubwa wake. Mgeni akiingia uani akamkuta kilebu wa Great Dane au Boerboel wa miezi minne, husema, "Mashaallah, huyu atakuwa jitu!" Mwenye mbwa hufurahi, na kesho yake huongeza chakula. Sifa hiyo imewaponza mbwa wengi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Naamini kwa dhati kwamba kazi kubwa ya mlezi wa mbwa hawa ni kuwazuia wasikue haraka. Ukubwa wataufikia tu, maana wameurithi kwa wazazi wao. Kilicho hatarini ni mifupa itakayoubeba.

Great Dane huzaliwa akiwa na nusu kilo au zaidi kidogo, na akitimiza mwaka huenda ameshavuka kilo 50. Mbwa mdogo humaliza kurefuka mifupa kabla ya mwaka kwisha. Hawa majitu, ncha za mifupa yao mirefu hubaki gegedu laini mpaka miezi 18, wengine hadi 24. Muda wote huo uzito unapanda juu ya kitu kisichokomaa. Ukimnenepesha katika kipindi hicho, gegedu huumia, viwiko na nyonga hukaa vibaya, na mbwa uliyemtaka awe tishio kwa wezi huanza kuchechemea kabla hajamaliza mwaka wa pili.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalea watoto wa Great Dane kwa njia mbili: wengine walikula walivyotaka, wengine walipimiwa. Walioachiwa sahani walikua haraka zaidi, na ndio waliopata matatizo mengi zaidi ya mifupa. Mwaka 2002 ukatoka utafiti mwingine uliowafuata Labrador 48 maisha yao yote, ndugu kwa ndugu, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Waliopunguziwa waliishi takriban miaka 13, wenzao miaka 11 na kitu, na nyonga zao zilikuwa na afya zaidi. Labrador si jitu, lakini kama mbwa wa kilo 30 anafaidika hivyo, wa kilo 70 anahitaji uangalifu zaidi.

Sasa nije kwenye kalsiamu, maana hapa ndipo madhara mengi yanapofanywa kwa nia njema. Ukiingia duka lolote la agroveti ukasema una mtoto wa mbwa mkubwa, si ajabu ukauziwa unga wa madini, pengine uliotengenezewa ng'ombe au kuku, kwa maelezo kwamba mifupa mikubwa yataka chokaa nyingi. Maelezo hayo yanaingia akilini kirahisi, na ni ya hatari. Utumbo wa mbwa mzima unaweza kuikataa kalsiamu iliyozidi. Utumbo wa kilebu aliye chini ya miezi sita hivi hauna uwezo huo sawasawa. Unachomwongezea, sehemu kubwa inapita hadi damuni, na mwili unaipeleka mifupani kwa utaratibu mbovu. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walilionyesha jambo hili kwa Great Dane mwaka 1985: kalsiamu iliyozidi ilivuruga ukuaji wa mifupa ileile watu wanayodhani wanaiimarisha. Ndiyo sababu viwango vya Marekani vya chakula cha mbwa wanaotarajiwa kuvuka kilo 32 vinaweka kikomo cha kalsiamu, asilimia 1.8 ya chakula kikavu.

Kwa hiyo, kama unamlisha chakula kamili kilichoandikwa kwamba ni cha watoto wa mbwa wakubwa, usiongeze kitu. Usiongeze unga wala vidonge, hata kama fundi wa mbwa wa mtaani anakuapia. Protini, kwa upande wake, inasingiziwa bure. Wapo wanaomnyima kilebu nyama wakidhani ndiyo inayopinda miguu, na kumbe mkosaji ni chakula kuwa kingi mno na madini kutolingana.

Lakini wengi wetu hatulishi chakula cha gunia. Bei yake ni kali, na wiki nyingine hakipatikani mjini. Tunapika. Sima, dagaa, vichwa vya samaki, utumbo wa ng'ombe kutoka kwa mchinjaji. Hapo hesabu inageuka. Sima na nyama tupu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na kilebu akilelewa kwa hivyo peke yake mifupa hulegea. Dagaa wanaoliwa na miba yao husaidia, ila kiasi gani kwa uzito gani si jambo la kukisia. Nenda kwa daktari wa wanyama na orodha ya unachopika, akupangie kwa vipimo, na urudi kila uzito unapopanda. Ziara moja ya namna hiyo ina faida kuliko makopo kumi ya madini. Na unga wa mahindi uliopata ukungu usimpe mbwa kwa kuwa "ni wa mbwa tu". Sumukuvu huharibu ini lake kama inavyoharibu letu. Mwaka 2004 Wakenya 125 walifariki Ukambani na maeneo jirani kwa mahindi ya namna hiyo, na mbwa nao ni wepesi mno kudhurika.

Utajuaje kama kipimo ni sawa? Mpapase. Mbavu uzihisi chini ya kiganja bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu uone kiuno. Jike wetu wa Boerboel, Kusi, amekua hivyo, na majirani hawakuacha kutuuliza kama tunamnyima chakula. Hatukumnyima. Anakimbia bila kuchechemea, na mimi sihitaji ushahidi mwingine.

Kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Mbwa wengi wa jamii kubwa hapa, kuanzia Casuarina hadi Mayungu na Watamu, hawalelewi na wenyewe. Mwenye nyumba yuko Italia au Nairobi sehemu kubwa ya mwaka. Anayemlisha, anayemsafisha, anayejua kwamba leo hakula, ni mlinzi au mtunza bustani. Na huyu ndiye asiyeambiwa kitu. Anaachiwa gunia la chakula na maneno mawili, "mlishe vizuri", naye kwa uaminifu anajaza sahani. Baadaye mbwa akiharibika miguu, lawama ni zake. Hili linanikera. Kama mtu ana fedha ya kununua mbwa wa namna hiyo, ana wajibu wa kukaa na mlezi halisi, amweleze kwa nini chakula kinapimwa, ampe mizani na kikombe cha kupimia, na amlipe kwa kazi hiyo kando ya mshahara wa ulinzi. Kulea jitu ni kazi kamili.

Tena mlezi huyo mara nyingi ni Mwislamu, na katika madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na wengi wetu pwani hii, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Yeye anajua mipaka yake, na hadithi zinaruhusu mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Wapo wanazuoni walioipanua ruhusa hiyo hadi ulinzi wa nyumba. Basi arahisishiwe: upawa wenye mpini mrefu, vyombo vya mbwa vikae mbali na vya watu, bomba la maji karibu, nguo za kazi. Ni heshima ndogo ambayo wengi wanaisahau.

Na hiyo ndiyo sababu ya mimi kusisitiza adabu ya mbwa kabla ya ulinzi wake. Kilebu wa kilo 12 anayekurukia kifuani huonekana mtamu. Miezi michache baadaye ana kilo 50, na anayerukiwa ni mzee aliyevaa kanzu safi akielekea msikitini, au mama wa buibui, au mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake mkononi. Ukimpaka mate mtu huyo, umemkosesha sala ya jamaa na kumpa kazi ya kujitoharisha, mbali na hofu. Ni haki ya jirani. Mbwa afundishwe mapema kuketi ndipo asalimiwe, na asipewe mkono wala sauti tamu akiruka. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo akili yake inapokubali mambo mapya bila woga, kwa hiyo azoeshwe wakati huo tuktuk, punda, adhana, watoto wanaopiga kelele, wanawake waliojifunika nyuso. Chanjo zake zikiwa hazijakamilika, mbebe au mpakie garini, aone na asikie bila kukanyaga walipopita mbwa wengine. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungiwa asione watu atakuwa mkali zaidi. Atakuwa mwoga, na jitu mwoga ndiye anayeuma ovyo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akifika miezi mitatu, irudiwe kama daktari atakavyosema. Kupe, minyoo na funza viangaliwe kila wiki, na masikio yasisahauliwe.

Joto letu nalo si la kupuuzwa. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana hupita nyuzi 30 na hewa imejaa unyevu. Mbwa hupoa kwa kuhema, na hewa yenye unyevu humnyima nafuu hiyo. Mwili mkubwa huchelewa kupoa kuliko mdogo. Hata hivyo nimeona mabanda ya mabati yaliyowekwa juani, yamezungushiwa wavu, mbwa ndani yake analia. Ezeka makuti, weka chini ya mwarobaini au mwembe, acha upepo wa bahari upite, na sakafu ya saruji itandikwe kitu laini maana viwiko vya mbwa mzito huota sugu na vidonda. Maji yawe mengi, yabadilishwe mara kwa mara. Kila mtoto wa chuo anaijua habari aliyoisimulia Mtume (s.a.w.) ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Sioni vipi mtu anayeijua habari hiyo anaweza kuacha bakuli la mbwa likauke saa saba mchana. Na Saint Bernard au Newfoundland, wenye manyoya ya nchi za baridi, kuwaleta Malindi ni ukatili, hata kama una kiyoyozi.

Kutembea, nendeni alfajiri, jua halijapata nguvu. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusisha Newfoundland, Leonberger na Irish Wolfhound, uligundua kwamba watoto wa mbwa waliotumia ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu waliugua nyonga zaidi, na waliocheza huru nje kwenye ardhi laini waliugua kidogo. Sisi ardhi laini tumejaliwa. Acha achezee mchanga kwa hiari yake, apumzike akitaka. Usimkimbize nyuma ya baiskeli, usimrushe kutoka garini, na kwenye ngazi za ghorofa mbebe mpaka akushinde. Ufukweni mchunge na samaki waliokufa: bunju akitupwa na mawimbi, mbwa akamla, sumu yake inaweza kumuua haraka.

Hatari ya mwisho ninayotaka kila mlinzi wa Malindi aijue ni tumbo kujisokota. Mbwa hawa wana kifua kirefu, na tumbo linaweza kujaa hewa kisha likajizungusha, njia zikafunga. Dalili zake: anahangaika, anataka kutapika lakini hakitoki kitu isipokuwa mate, tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Hapo usimpe chai ya tangawizi wala mafuta. Zinahesabika saa, wala si nyingi, kabla hajafa, na dawa yake ni upasuaji. Mombasa iko kilomita 120 hivi, kwa hiyo ujue tangu sasa ni daktari gani wa karibu anayeweza kupasua usiku, na namba yake iwe kwenye simu ya mlinzi, isiwe kwenye yako tu. Chakula kigawanywe mara mbili au tatu kwa siku, asikimbizwe akishiba. Mbwa akiwekwa dawa ya usingizi kwa sababu nyingine, kama kuhasiwa, muulize daktari kuhusu kulishona tumbo kwenye ukuta wa mwili palepale. Inapunguza sana hatari hii.

Baada ya yote hayo, nasema wazi kwamba nyumba nyingi za Malindi hazihitaji jitu. Mbwa wa kienyeji wa kilo 20 anavumilia joto, anakula kidogo, anabweka mapema kuliko Great Dane, na mara nyingi anaishi miaka mingi kuliko Great Dane, ambaye umri wake kwa kawaida ni miaka 7 hadi 10. Anayetaka jitu amtake kwa kumpenda, akiwa tayari kumpa miaka miwili ya subira. Aende kwa muuzaji awaone wazazi wote wawili wakitembea, aulize kama nyonga zao zimepigwa picha, na asikubali kukabidhiwa kilebu aliye chini ya wiki nane. Muuzaji akianza kujisifu kwamba watoto wake hukua upesi kuliko wa wengine, arudishe fedha zake mfukoni aende zake.