Kosa la Lambkin na kazi ya wakunga wa Namirembe

Siku hizi ukitaja shule ya wakunga ya Namirembe, kilima cha Kampala nchini Uganda, iliyopewa jina la Lady Coryndon na kufunguliwa mwaka 1921, wachambuzi wengi hukujibu kwamba ilikuwa mkono wa ukoloni ulioingia hadi chumba cha uzazi. Hoja hiyo ina mashiko, na mzizi wake ni tarakimu moja iliyozua hofu ya kaswende, hofu iliyochangia kuanzishwa kwa shule hii.

Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, aliandika kwamba Buganda huenda watu 80 katika kila 100 wana kaswende. Themanini! Uchunguzi wa enzi hiyo ulitegemea zaidi macho: vidonda na makovu. Na penye buba, ugonjwa wa ngozi usio wa zinaa, kidonda hakijitambulishi. Vijidudu vya buba na vya kaswende vimefanana mno hata vipimo vya damu vilivyokuja baadaye vikashindwa kuvitenganisha, ilhali buba mtoto huipata kwa kugusana tu na mwenzake. Lambkin hakuishia hapo. Alilaumu Ukristo kwa kuwalegezea wanawake vizuizi vya zamani. Basi taifa zima likavishwa aibu ya zinaa, na mwanamke akabebeshwa mzigo mzito zaidi. Hilo silitetei hata kidogo.

Lakini uchungu wa uzazi haungoji tarakimu isahihishwe. Mtoto aliyekaa kingamo na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawakuzushwa na Lambkin. Katharine Cook, muuguzi mmisionari aliyefika Uganda mwaka 1897, pamoja na mumewe, Dakta Albert Cook, waliwafundisha wasichana wa Kiganda kazi hii, na kitabu cha ukunga wakakiandika kwa Kiganda. Wahitimu walipelekwa kwenye vituo vya vijijini. Mfikirie binti ambaye hajazaa, anaingia kwenye nyumba ambako bibi amezalisha ukoo mzima na anajua kondo la nyuma huzikwa chini ya mgomba. Alipaswa kuaminiwa na bibi huyo, tena chini ya masharti makali ya misheni kuhusu mwenendo wake. Wanaoisema shule hii kwa ubaya huwaacha mabinti hawa kama vivuli, kama walivyoachwa na waliowasifu wazungu peke yao.

Ni kweli pia kwamba wakunga wa jadi walidharauliwa, na maarifa yao mengi hayakuulizwa wala kuandikwa. Ni hasara.

Hata hivyo, kaswende ilikuwepo, ingawa si kwa kiwango kile, na huua mimba. Kwa mama aliyekwisha kuzika watoto watatu, mkunga aliyempapasa tumbo na kumuuliza habari za mimba zilizopita alikuwa anauliza swali la haki. Leo mjamzito wa Uganda hupimwa kaswende kliniki, na matokeo husomwa kama ugonjwa wa mtu mmoja unaotibika.