Benzi Langu Refu na Zulia la Mama Mdogo

Aliyeniuzia Benzi hili aliniambia neno moja nikalichukulia kama sifa: "Na gari hii hutakaa peke yako." Nikadhani anasema wanawake. Kumbe alikuwa anasema magodoro.

Ni Mercedes 240TD, steshenwagoni ya mwaka 1982, rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Ile T si ya Tanga, ingawa vibarazani nimeshawahi kuiapia. Wajerumani walikusudia utalii na uchukuzi, na toleo hili la 123 ndilo la kwanza Mercedes kuliunda wenyewe kiwandani likiwa na mgongo mrefu. Kabla ya hapo, mwenye kutaka Benzi la namna hiyo alimpelekea fundi mwingine amuungie. Injini ni dizeli ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 72. Farasi 72 kuvuta tani moja na nusu, maana yake bodaboda mwenye abiria wawili na gunia la mkaa anakupita huku anakuamkia.

Lakini ukilaza viti, nyuma unapata chumba cha kupangisha. Ndiyo sababu barabara ya 12, mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, nzima ina hisa. Limebeba vitanda vya maharusi, machungwa ya Muheza, mbuzi wa Idi akiwa amesimama, na timu ya watoto kwenda uwanja wa Mkwakwani, pamoja na kocha. Na nyuma lina mtambo wa kujisawazisha: pampu inayozungushwa na injini inasukuma mafuta mpaka kwenye shokapu, kwa hiyo ukipakia mzigo likalemewa, baada ya muda linajiinua lenyewe matako mpaka linakaa sawa. Kama ngamia. Watoto wa Ngamiani wakiliona linanyanyuka hupiga makofi, nami hujifanya ni mimi niliyeliamuru.

Bei yake sasa. Mpwa wangu yuko Ujerumani, ndiye aliyenitia wazimu. Anasema huko gari likifikisha miaka 30 na likiwa limetunzwa, hupewa namba yenye herufi H, ya magari ya kihistoria, na wazungu wanayagombea kama mahari. Hapa kwetu pia bei huenda kwa herufi ya namba ya usajili, A ndiyo kongwe, ila kwa kinyume. Namba E ni mwanafunzi, namba D ni mwajiriwa, C mstaafu, B anafuatilia mafao, na A tumsomee Yasini. Langu ni A.

Dalali wetu alipolizunguka mara mbili aliniuliza, "Nikuuzie kwa kilo au kwa kilomita?" Akaniambia milioni nne, na hapo nimletee na tairi ya akiba.

Basi mpwa wangu akaweka picha mtandaoni, na haikupita wiki akapiga simu bwana mmoja wa Dar anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi. Kijana mwerevu. Alijua kwamba kuagiza gari la umri ule kutoka nje, ushuru wa uchakavu peke yake unamtoa mtu jasho, wakati langu lilishalipiwa kila kitu tangu zama za wengine. Alitaja milioni 12. Mimi nikasema 14. Akasema nakuja Jumamosi.

Kuna jambo moja sikumwambia. Dizeli za Benzi za enzi zile hazizimwi kwa umeme, huzimwa kwa mvuto wa hewa. Ukirudisha ufunguo, mvuto unapita kwenye mrija mwembamba, unavuta kidude kwenye pampu ya dizeli, mafuta yanakatika. Na mvuto huohuo ndio unaofunga vitasa vya milango. Mlango wangu wa nyuma kushoto ulikuwa unavuja. Kwa hiyo siku nyingine natoa ufunguo, nautia mfukoni, nafunga gari, na injini inaendelea na maongezi yake. Dawa ni kufungua boneti na kubonyeza kiwiko kidogo kilichoandikwa STOP. Nilipanga kumwambia mteja baada ya hela kuingia.

Jumamosi nikampokea stendi ya Kange. Bwana nadhifu, kanzu nyeupe, miwani ya jua. Nikampeleka Pongwe na kurudi ili aonje mwendo. Kwenda, mambo shwari. Alikuwa anapapasa dashibodi kama anayepapasa farasi. Kosa langu ni kupita mbele ya nyumba ya mama mdogo siku ambayo binti yake anaolewa kwetu Ngamiani.

Alikuwa kasimama barabarani. Hakunipungia, alijipanga katikati ya lami.

"Mungu hamtupi mja wake," akasema. "Nilikuwa naitafuta Benzi."

"Mama mdogo, shikamoo. Nipo na mgeni, anataka kununua."

"Marahaba, mwanangu. Na anunue. Kwani zulia litaizuia kununuliwa?"

Zulia lenyewe lilikuwa la kuazima, la ukumbini, refu kunipita na mkono juu. Ili lisiingie vumbi, mama mdogo alikuwa amelivingirisha ndani ya shuka jeupe na kulifunga kwa vitambaa mara tatu: kichwani, katikati, na miguuni. Nasema kichwani na miguuni makusudi. Juu akalifunika kanga. Tukalaza kiti nusu, tukalisukuma ndani, likabaki limechungulia nje, mlango wa nyuma tukaufunga nusu kwa kamba ya katani. Mama mdogo na shoga yake wakajibana kwenye nusu ya kiti iliyobaki, kila mmoja mkono wake juu ya zulia lisiteleze.

Kwa kuwa mzigo ulitokeza nje, nikawasha hazadi. Kwa kuwa kila shimo mama mdogo alinigonga bega, nikaenda mwendo wa 20. Na kwa kuwa gari lenye mlango wa nyuma wazi huuvuta moshi wake lenyewe ndani, wale mama wawili wakajitanda kanga usoni na macho yakaanza kuwatiririka. Kila kitu kilikuwa na sababu yake. Naomba hilo lieleweke.

Tulipofika tena Kange, madereva wa bodaboda waliokuwa wamelala juu ya pikipiki wakaamka na kusimama. Mmoja akavua kofia ngumu. Daladala mbele yetu ikazima muziki, ikakaa pembeni. Trafiki akasimamisha malori mawili ya saruji, akatupisha kwa mkono wa taratibu.

"Kaka," akasema yule bwana wa Dar, "mbona tunaheshimiwa namna hii?"

"Benzi ni Benzi," nikamjibu. Na wallahi, wakati ule niliamini. Nikahesabu moyoni kwamba milioni 14 nimejipunja.

Kioo cha ndani kilikuwa kimezibwa na zulia, sikuona nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa na kioo cha pembeni upande wake. Tulipofika mtaa wa Majani Mapana akakiangalia, akavua miwani, akakiangalia tena.

"Na hawa wote nao ni kwa ajili ya Benzi?"

Nikachungulia. Nyuma yetu kulikuwa na Noah mbili zimewasha hazadi, bodaboda kama 15, na baiskeli sikuzihesabu. Tanga hii, baiskeli ukizihesabu utakesha. Mbele ya baiskeli zote mzee mmoja wa kofia ya vito anakanyaga pedali kwa bidii, midomo inacheza.

Simu ikalia. Dada yangu.

"Uko hai?"

"Niko hai, kuna nini?"

"Mama kaambiwa umeletwa."

"Nimeletwa na nani?"

"Na Benzi lako!"

Baadaye nilikuja kujua jinsi habari ilivyokwenda. Pale Kange mtu aliuliza ni nani, akajibiwa ni wa kwenye Benzi. Ilipofika sokoni nilikuwa nimekufa kwa presha. Ilipofika barabara ya 12 nilikuwa na deni la dukani.

Nikageuza kichwa kumwambia mama mdogo. Machozi yakimtoka kwa moshi, kanga kaiuma kwa meno, akanijibu, "Wewe endesha tu. Ukisimama hapa watalishusha."

Basi nikaingia barabara ya 12 na msafara wangu. Majamvi yaliyokuwa yametandikwa kwa ajili ya harusi yalikuwa yamekaliwa na wanaume walioinamisha vichwa. Spika ya taarab imezimwa. Jirani yetu mmoja, ambaye katika maisha yake hajawahi kuchelewa kushika hela za watu, alikuwa mlangoni na daftari na bakuli, anapokea rambirambi. Masufuria ya pilau yanachemka vilevile, hayakubagua shughuli.

Nikasimamisha gari. Nikarudisha ufunguo. Injini ikaendelea.

Mzee mmoja wa msikitini akasogea, akainua mikono kuomba dua. Benzi likamjibu, ngararara, ngararara.

"Zima gari, mwanangu, tumwombee."

"Nimeshazima, mzee wangu."

"Umezima wapi na linanguruma?"

Nikamwonyesha ufunguo mkononi. Akautazama ufunguo, akalitazama gari, akarudi nyuma hatua mbili. Mtu mmoja nyuma yake akasema kwa sauti ya chini, lakini si chini vya kutosha: "Marehemu hajaridhika."

Nikakimbilia boneti. Na hapo ndipo kosa lilipokamilika, maana vijana sita hawakunisubiri. Kubeba ni thawabu, nani akubali kupitwa? Wakakata katani, wakavuta, wakatia mabegani. Mzigo na wale mama walipotoka, nyuma ya Benzi ikanyanyuka kwa ghafla, kisha mtambo ukarudisha mafuta na gari likaanza kushuka taratibu, polepole, kama mtu anayepiga magoti. Wenye kuliona wakasema la ilaha illallah.

Hatua ya tatu, zulia likakunja kiuno. Zulia halina mgongo. Sehemu ya kati ikanesa chini, kichwa kikaenda kusini na miguu ikaenda kaskazini, na vijana wawili wa katikati wakaachia na kukimbia. Mmoja mpaka leo hapiti mtaani kwetu usiku. Fundo la kati likafyatuka, shuka likafunguka, na mbele ya umma ule likajimwaga zulia jekundu lenye maua ya waridi na pindo la dhahabu.

Ndipo nikakipata kile kiwiko. Injini ikazima.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Ukasikika mwiko ndani ya sufuria.

"Haya, si mlitandike," akasema mama mdogo akijifuta macho. "Mwaliangalia nini?"

Mama yangu akanikumbatia kwanza, kisha akanipiga kofi, kwa mpangilio huo. Rambirambi zilikuwa shilingi 63,500. Jirani akasema hawezi kuzirudisha kwa sababu wengine walitoa bila kutaja majina. Kukawa na mabishano, mwisho akapewa bibi harusi kama tunzo. Waliotoka kutufuata waliondoka kwa aibu na kicheko, isipokuwa yule mzee wa kofia ya vito. Yeye alifunga baiskeli yake kwenye mkungu, akakaa jamvini. "Nimetoka Kange kwa pedali," akasema, "sitarudi na njaa kwa kuwa mtu hakufa." Akala sahani mbili.

Yule bwana wa Dar naye alikula, na alikula vizuri. Alipomaliza kunawa akanivuta pembeni.

"Kaka, gari nimeipenda. Lakini mimi nakodisha kwa maharusi. Bibi harusi akishuka humo, mimi nitafanya kazi gani ya kuwaeleza watu?"

Akapanda bodaboda kwenda stendi. Ndivyo milioni 14 zilivyorudi Dar na basi la saa kumi.

Jumatatu nikamwita dalali. Hadithi alikuwa nayo tayari, yake ikiwa na mambo zaidi ya yangu. Akasema tatizo si gari, tatizo ni jina, na jina husafishwa kwa tangazo. Akaandika mwenyewe, akabandika kwenye magrupu yake yote kabla sijasoma: "Benzi steshenwagoni, dizeli, 1982, namba A, injini safi, kadi ipo. HALIJAWAHI KUBEBA MAITI."

Jioni ile akapiga mteja wa kwanza, kutoka Korogwe. Hakuuliza bei wala kilomita.

"Samahani, kaka yangu," akasema. "Kwani nani kawauliza?"