Simbilisi Akiacha Kula, Usingoje Kesho

Simbilisi mzima akisikia mfuko wa majani unachakarishwa, hupiga mluzi kabla hujafika bandani. Siku asipopiga, akabaki amejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama na macho yamefumba nusu, ujue ugonjwa haukuanza asubuhi hiyo. Huyu ni mnyama anayewindwa na kila kiumbe chenye meno, kwa hiyo huficha maumivu mpaka nguvu za kuficha zimwishie. Wengi wetu tunagundua tumbo lina shida ikiwa imeshapita siku nzima au mbili, halafu tunasema, "Tumwache mpaka kesho tuone." Hiyo kesho ndiyo inayowaua.

Mbuzi akikosa hamu ya kula siku moja unaweza kumwangalia kwa subira. Simbilisi hapana, na sababu iko kwenye utumbo wake. Hawezi kutapika. Chakula hutoka tumboni baada ya saa mbili hivi, kisha huingia kwenye kifuko kikubwa kilichopo mwanzoni mwa utumbo mpana, ambacho peke yake hubeba zaidi ya nusu ya vyote vilivyomo kwenye njia ya chakula. Humo bakteria huchachua majani na kumtengenezea lishe na vitamini za kundi B, naye huzipata kwa kula kinyesi laini anachokichukua moja kwa moja kwa mdomo, mara nyingi kwa siku. (Usimzuie. Si uchafu, ni mlo.) Kinachosukuma mtambo huo wote ni nyuzi za majani. Zikikosekana, utumbo unapunguza mwendo, bakteria wabaya wanazidi wazuri, gesi inajaa, gesi inauma, na mnyama mwenye maumivu hali. Asipokula, utumbo unasimama zaidi. Aliye mnene au mwenye mimba yuko hatarini kuliko wengine, kwa sababu mwili huanza kuyeyusha mafuta kwa kasi na kuyarundika kwenye ini. Kwa hiyo muda wa saa 12 bila kula ni dharura, hata kama anatembea na anakutazama vizuri.

Kifaa cha kwanza cha kutambua ugonjwa huu ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mpime kila wiki, siku ileile na wakati uleule, uandike kwenye daftari. Mkubwa huwa kati ya gramu 700 na 1,200, lakini namba ya kuangalia ni yake mwenyewe. Mwenye gramu 900 akipungua 50, anza kumpima kila siku na kuchunguza anachokula. Akipungua 100, mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama kwa macho huoni tofauti yoyote. Manyoya hufunika mifupa vizuri mno. Mkono na mizani havidanganyiki.

Kifaa cha pili ni kinyesi chenyewe. Punje nzuri ni ndefu kidogo, zimelingana, rangi ya kahawia iliyokolea, na ukiivunja moja utaona vipande vya majani ndani. Zikianza kuwa ndogo, kavu, zenye ncha kama chozi, anakula kidogo kuliko unavyodhani. Zikiwa laini na zimeshikana mafungu, mara nyingi matunda na mboga zimezidi nyasi, au amenenepa hata hafikii kinyesi chake laini. Zikikoma kabisa, usisubiri chochote. Na kinyesi cha majimaji kinachochafua mapaja na tumbo si kama mtoto anayeharisha kidogo: simbilisi huishiwa maji mwilini haraka, na anaweza kufa ndani ya siku moja.

Kabla ya kumlisha mgonjwa kwa nguvu, mshike tumbo. Hili wengi hulisahau. Tumbo la kawaida ni laini, na ukiweka sikio ubavuni utasikia mkoromo mdogo kila baada ya muda. Likiwa limetuna pande zote, gumu kama mpira uliojazwa upepo, na ukiligonga taratibu kwa kidole linatoa mlio wa ngoma, usimpe chakula wala maji kwa mdomo. Tumbo huenda limejaa gesi au limejipinda, na kila unachoongeza kinaongeza shinikizo kwenye mapafu. Anayesaga meno, anayepumua haraka na kunyoosha mwili huku tumbo limetuna ana saa chache tu. Huyo anahitaji dawa ya maumivu, picha ya eksirei na kutolewa gesi na mtu anayejua, usiku huo huo.

Kama tumbo ni laini lakini hali, kulisha kwa bomba la sindano (bila sindano) kunaokoa maisha, na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu anaweza. Saga pelleti zake (chakula cha dukani cha punje kavu) ziwe unga, weka sehemu moja ya unga kwa sehemu mbili au tatu za maji ya uvuguvugu, acha dakika 10 uvimbe, kisha chuja kwa chujio la chai vile vipande vitakavyoziba bomba. Tumia bomba la mililita 1 na ukate ncha yake, pasibaki ukali. Mzungushie taulo, mkalishe kwa miguu yake minne mapajani mwako. Kamwe usimlaze chali. Ingiza bomba kwa upande wa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, pale penye nafasi isiyo na meno. Toa nusu mililita, ngoja atafune na kumeza, ndipo uongeze. Asipotafuna, simama, maana chakula kikiingia kwenye mapafu umemwongezea ugonjwa wa pili.

Kiasi ni mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima. Mwenye gramu 900 basi anahitaji mililita 45 hadi 72, zigawe mara tano au sita, pamoja na ya usiku. Wengi hutoa mililita 5 asubuhi na 5 jioni, wakadhani wamelisha. Hapo mnyama anakufa kwa njaa huku mwenyewe akiamini anamhudumia. Mpe pia vitamini C, kwa sababu simbilisi, kama binadamu, hawezi kuitengeneza mwilini. Mzima anahitaji miligramu 10 kwa kilo kwa siku, mgonjwa hadi 30. Robo ya kidonge cha miligramu 100 kisicho na sukari, kilichosagwa kwenye uji wake, inamtosha huyo wa gramu 900. Usiiweke kwenye chupa ya maji: huharibika haraka, na maji yakibadilika ladha anakunywa kidogo.

Sasa dawa, na hapa sitapunguza maneno. Amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini ni sumu kwa simbilisi. Madhara ya penisilini kwa mnyama huyu yanajulikana tangu mwaka 1943. Dawa hizi huua bakteria wazuri kwenye kile kifuko, kisha bakteria aina ya Klostridiamu wanachukua nafasi na kumwaga sumu yao kwenye damu. Mnyama huharisha, hupoa mwili, na hufa siku chache baada ya dozi kuanza, halafu watu wanasema ugonjwa ulikuwa mkali. Ile sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, inayopatikana karibu kila duka la dawa za mifugo, usikubali achomwe. Unga wa oksitetrasaiklini wa kuku nao usimpe. Bwana mifugo aliyezoea ng'ombe na kuku anaweza kuzitoa kwa nia njema kabisa, kwa hiyo muulize jina la dawa kabla hajaivuta kwenye bomba. Zipo zinazovumilika, kama vile enrofloksasini au trimethoprimu iliyochanganywa na salfa, lakini kipimo ni cha daktari. Na dawa ya maumivu ya binadamu iliyomo kabatini iache humohumo.

Kuharisha kuna sababu nyingi, na chache zinatibiwa kwa kubahatisha. Kwa wadogo waliotoka kuachishwa kunyonya, shuku koksidia, vimelea vidogo vya utumbo. Chukua kinyesi kibichi kwenye chombo safi ukipeleke siku hiyohiyo. Bakteria wa Salmonela nao huweza kuhamia kwa watu, kwa hiyo mtenge mgonjwa, nawa kwa sabuni, na watoto wasimbusu. Wakati unasubiri majibu, ondoa mboga na matunda, acha nyasi kavu tele. Nyasi usiziondoe hata siku moja.

Mara nyingi, hata hivyo, kosa liko kwenye mfuko wa chakula. Masika yakianza, watu hukata majani machanga yenye umande, wanayarundika, na jioni yakiwa yameshika joto ndani wanawapa. Majani yaliyochemka hivyo yanaendelea kuchacha tumboni. Yatandaze kivulini yanyauke kwanza, na mnyama aliyezoea nyasi kavu mwongezee mabichi kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili. Ugali, mkate, wali na pumba tupu si chakula chake. Wanga ukifika kwa wale bakteria ni kama kumwagia mafuta kwenye moto. Kabichi nyingi huleta gesi. Parachichi, vitunguu, na majani ya viazi mviringo au ya nyanya visiingie bandani kabisa. Nyasi kavu za Rhodes, zile za marobota, ziwepo usiku na mchana. Pelleti kijiko kimoja cha chakula kwa siku kinatosha. Na kipande cha pilipili hoho kinampa vitamini C kuliko karoti. Ukimlisha pelleti za sungura, kumbuka hazikuongezewa vitamini C kwa ajili yake. Kwa wa Dar es Salaam na Mombasa niongeze joto: huyu ni mnyama wa milima ya Andes, na hewa ikipita nyuzi 30 anaweza kuacha kula bila ugonjwa mwingine wowote.

Kama nyasi ni nzuri na bado hali, angalia mdomo. Anayesogelea chakula kwa hamu, akakiokota, akakiacha, huku kidevu kimelowa mate, ana shida ya meno. Meno yake yote hukua maisha yote, na magego ya chini yasiposagika huinama ndani mpaka yakaufunika ulimi kama daraja. Ukitazama meno ya mbele tu hutaona kitu. Usiyakate kwa kikata kucha, hupasuka hadi kwenye mzizi. Ni kazi ya daktari, na dawa ya usingizi.

Akianza kupona, punje za kinyesi hurudi polepole, kwanza ndogo na zisizo na umbo. Watu huona ameuma jani moja wakafurahi, wakaacha bomba, na baada ya siku mbili amerudi palepale. Endelea kumlisha, mpime kila asubuhi kabla ya kula, na punguza bomba pale tu uzito unapobaki uleule siku mbili mfululizo kwa chakula anachokitafuna mwenyewe.