Tatizo si idadi tu, ni siku za kulala
Kuna makala inadai ICU (vyumba vya wagonjwa mahututi) za Lombardy, Italia, zilielemewa mwaka 2020 kwa wingi wa wagonjwa tu. Hapana, hata aina ya mgonjwa ilibadilika. Upasuaji wa kupangwa uliahirishwa, wale wa kukaa siku moja mbili wakapotea. Wakaingia wa korona, wanaolala siku nyingi. Kati ya wagonjwa hao 1,591 wa ICU waliofanyiwa utafiti mwanzoni, asilimia 82 walikuwa wanaume, nusu wana miaka 63 kwenda juu, wengi wao kwenye mashine ya kupumulia. Kitanda kinacholaliwa siku 3 huhudumia watu 10 kwa mwezi. Kikilaliwa siku 15, wawili basi. Na kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi kwa saa 16, mpira wa hewa ulio kooni usichomoke, kunataka watu wanne au watano. Mkiongeza vitanda, wauguzi hao mtawatoa wapi?