Mashine za chembe hai: zinafaa kuingia Ziwa Tanganyika?

Jioni moja pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nilisimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa. Maji ya ukingoni yalikuwa na utando wa mafuta ya injini unaong'aa rangi rangi, na mifuko ya plastiki imenasa humo. Mimi nafundisha baiolojia, na kuna jambo ambalo siku hizi halinitoki kichwani, nikamsimulia: wanasayansi wanatengeneza mashine kwa chembe hai, na wanatumaini siku moja zitakusanya plastiki majini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwalimu, zikishaimaliza hiyo plastiki, zitakula nini?"

Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Vermont na Tufts, Marekani, walitangaza zenoboti. Walichukua chembe za kiinitete cha chura wa Afrika, *Xenopus laevis*, za ngozi na za misuli ya moyo, wakaziunganisha kwa umbo lililobuniwa na kompyuta. Chembe za moyo hudunda, na mdundo huo ndio unaokisukuma kidude chenyewe, ambacho hakifiki hata milimita moja. Hakina betri wala waya. Ukikikata, jeraha linajifunga. Mwaka 2021 ikaonekana kwamba zenoboti zikiwekewa chembe zilizotawanyika kwenye kisahani cha maabara, huzisukuma zikakusanyika, na mafungu hayo yakawa zenoboti nyingine.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Roboti ya chuma ikizama inabaki takataka. Chembe ikifa inaoza. Na kwenye tiba matumaini ni makubwa zaidi: mwaka 2023 vidude vilivyotokana na chembe za njia ya hewa ya binadamu vilichochea neva zilizokwaruzwa kisahanini kuota tena na kuziba pengo. Kidude kilichotengenezwa kwa chembe za mgonjwa mwenyewe, mwili wake hautakiona mgeni.

Wengine wanapinga wakisema huku ni kuingilia kazi ya Mungu. Naiheshimu hofu hiyo, ila hainitoshi. Miche ya michikichi chotara inayotoka Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Kigoma, nayo imepita mikononi mwa watafiti, na tunaipanda kwa furaha.

Hofu yangu iko kwenye swali la yule mama. Nilimjibu kwamba hazili. Zinaishi kwa akiba iliyotoka kwenye yai, kama wiki moja hivi, kisha zinakufa. Akasema, "Basi kazi yenyewe hazitaimaliza." Na ndivyo ilivyo. Ziwa lina kina cha mita zipatazo 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Ili zenoboti zifae humo, itabidi ziishi muda mrefu, zijitafutie chakula na ziongezeke zenyewe. Zikifika hapo, ule usalama tuliosifiwa, kwamba zitakufa tu, umekwisha.

Na sisi wa maziwa makuu tunajua kiumbe kikishaingia majini kinakuwaje. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, hilo halina ubishi. Lakini aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilipotea, na hakuna awezaye kumtoa sangara leo. Tanganyika ina aina mamia za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, na mto unaoyatoa maji yake nje ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa.

Kwa hiyo maabarani na hospitalini nasema zisonge mbele, tena kwa haraka. Ziwani, hapana, hadi Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, nchi zilizosaini mkataba wa ziwa hili mwaka 2003, ziulizwe zote nne, na wavuvi waulizwe kabla ya mawaziri. Yale mafuta ya Kibirizi yanatoka kwenye injini za boti zetu wenyewe. Fundi akiyakinga kwenye dumu anapoyabadilisha, hayafiki majini.