Stelingi Hafi, Anayekufa ni Mchora Bango

Jamani, hapa Kampala kuna kazi ambazo ukizitaja tu, kila aliye karibu anazijua kuliko wewe. Sema wewe ni daktari wa meno, watu wananyamaza na kufunika midomo. Sema wewe ni fundi wa magari, wanakuheshimu, maana kila mmoja ana jamaa mwenye gari bovu. Lakini jaribu kusema unachonga modeli za 3D na kuchora mabango ya filamu, uone. "Aaa, zile za kompyuta? Si inafanya yenyewe?" Inafanya yenyewe! Ingekuwa inafanya yenyewe mimi ningekuwa Busia kwa mama nakula samaki, yenyewe inanitumia hela kwenye simu.

Mkwe wangu mpaka leo anawaambia watu natengeneza televisheni. Nimemwacha. Televisheni angalau ina heshima.

Tangu Isaac Nabwana aionyeshe dunia kwamba filamu ya mapigano inaweza kupigwa kwenye vumbi la Wakaliga, hapahapa Kampala, tena kwa bajeti isiyotosha harusi ya kijijini, kila mwenye simu ya kamera mbili amekuwa prodyuza. Sina ubaya na Nabwana, jamaa ni mpiganaji. Kule kwake walijenga mpaka helikopta ya vyuma chakavu. Ubaya ninao na hawa waliokuja nyuma yake, ambao hawana vyuma wala hawana chakavu. Wao helikopta wanaitaka kwenye bango tu.

Kanijia mmoja. Nikamuuliza, bosi, filamu inahusu nini?

"Ni ya ardhi. Ndugu wawili wanagombea kibanja cha marehemu baba yao huko Mukono."

Nikafurahi. Nikaanza kuona migomba, kaburi, ndugu wamepeana migongo, mawingu mazito. Bango la maana.

"Weka helikopta," akasema.

"Helikopta inaingiaje kwenye kibanja, bosi?"

"Ssebo, wewe weka. Na moto nyuma."

Moto nyuma! Sijapata kuona prodyuza asiyetaka moto nyuma. Filamu ya mapenzi, moto nyuma. Filamu ya mchungaji aliyeokoka, moto nyuma, na huyo si ndiyo kwanza kaukimbia?

Halafu zinakuja picha za wasanii, na hapo ndipo utamu ulipo. Umeshamwambia mtu unataka picha safi, uso mzima, mwanga wa kutosha. Stelingi anatuma selfi ya bafuni, miwani ya jua usoni, nusu ya kichwa imebaki nje. Adui mkuu anatuma picha ya pasipoti, masikio yote mawili, kola imekakamaa, sura ya mtu anayeomba mkopo wa SACCO. Stelingi wa kike akatuma ya harusi ya dada yake. Kapendeza kweli, ila kakumbatiwa na shangazi, na shangazi yuko ndani ya gomesi, lile vazi la heshima la akina mama wa Uganda. Wanaoijua gomesi wanajua mabega yake yalivyochongoka. Ncha ya bega la shangazi, kitambaa cha zambarau kinachong'aa, imemwingia binti mpaka kwenye shavu. Ukikata bega unakata na shavu. Ukiacha shavu, stelingi anatokea na pembe.

Nikashinda nikiizunguka ile ncha kwa kipanya, nikaona hapana. Nikauchonga uso upya wa 3D kuanzia tufe tupu: paji, pua, mikunjo ya mdomo, kope, rasta moja moja. Na kusema kweli huko ndiko raha ya 3D iliko. Kichwa kikishachongwa unakigeuza utakavyo, na taa unazipanga mwenyewe, ule moto ukawamulika wote kutoka upande mmoja. Kwenye picha za simu huyu kapigwa na jua la kushoto, yule ana balbu utosini, wa tatu kapigwa gizani. Ukiwabandika pamoja wanaonekana wamekutana kwa bahati mbaya.

Nikamtumia binti auone uso wake. Akajibu: "Nzuri. Lakini shangazi yuko wapi? Ndiye aliyekodi kamera."

Vikafuata vita vya vichwa. Nani kichwa kikubwa, nani kiko mbele, jina la nani liko juu. Msidhani ni sisi tu. Marekani mwaka 1974 Steve McQueen na Paul Newman walicheza filamu moja, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa pili, jina la McQueen likawekwa kushoto lakini chini kidogo, la Newman kulia lakini juu kidogo. Ukisoma kutoka kushoto McQueen ndiye wa kwanza, ukisoma kutoka juu Newman ndiye wa kwanza, wote wakaenda nyumbani wametulia. Lakini hao walikuwa wawili! Kwangu walijaa bango zima, na kila mmoja anapima kichwa chake kwa vidole kwenye skrini. Mpaka yule aliyecheza maiti ya baba. Analala kwenye jeneza dakika chache, kafumba macho, basi. Naye anataka kichwa sawa na cha stelingi. "Fundi, nisipokufa mimi hiyo filamu inaanzia wapi?" Nikakosa jibu. Nikamkuza.

Sasa tuje kwenye kurenda, yaani kompyuta kuigeuza modeli iwe picha kamili, ambako ndiko "inafanya yenyewe". Bango la sinema la kawaida la Marekani ni inchi 27 kwa 40, na prodyuza wangu kasikia hivyo mahali, anataka hilohilo. Ili lichapike vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, piga hesabu: 8,100 kwa 12,000, pikseli zaidi ya milioni 97. Skrini ya kawaida ya HD Kamili ina kama milioni 2. Na kwa kila pikseli kompyuta inarusha miale, tuseme 500, ikadunde kwenye bati la helikopta, ikadunde kwenye miwani ya stelingi, irudi iseme imeona rangi gani. Hiyo ni miale bilioni 48 na ushee. Ukiibania, picha inajaa chengachenga. Na moshi ndio balaa kabisa, maana mwanga ukifika kwenye moshi hauishii juu, unaingia ndani, unatangatanga humo huku laptopu inahema. Kila prodyuza anataka moshi.

Feni ikalia usiku kucha. Mita ya yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, tunachangia na mama mwenye nyumba, na tokeni zikawa zinayeyuka. Alfajiri akanigongea.

"Mwanangu, niambie ukweli. Unaangua vifaranga humo ndani?"

"Hapana, mama. Ninarenda."

"Unarenda nini?"

"Helikopta."

Akachungulia, akaiona kwenye skrini, nusu imetoka, nusu bado. Akaguna. "Vifaranga ningekuruhusu. Helikopta, utaongeza hela ya umeme."

Na umeme wenyewe una macho, nawaambieni. Mchana kutwa upo, watu wanapiga pasi, wanachemsha maharage kwa koili. Unasubiri kazi yako ifike asilimia 96 ndipo unaondoka. Najua mafundi wenzangu mtasema, renda vipande vipande. Narenda vipande vipande! Umeme nao unakatika vipande vipande.

Kwenye bei ndipo nilipotaka kulia. Prodyuza kaniuliza programu ninayotumia niliinunua shilingi ngapi. Nami kwa ujinga wa kupenda kusimulia nikamweleza habari za Blender, kwamba mwaka 2002 watu wa kila pembe walichanga euro 100,000 ili iwe huru, na mpaka leo mtu yeyote anaichukua bila kulipa senti.

"Kumbe ni ya bure!" Akakaa vizuri kwenye kiti. "Sasa unanitoza nini?"

"Bosi, hata hewa ni ya bure. Mbona waigizaji wako hawaigizi bure?"

"Nani kakwambia nawalipa?"

Akatoa kishika uchumba kidogo, nyingine akasema baada ya uzinduzi. Na ile hotuba ya utajulikana, fundi, jina lako litafika mbali, siirudii hapa. Wote mnaijua.

Nilipodhani nimemaliza, akatokea Hajji. Hajji anauza magodoro, na ndiye aliyetia petroli kwenye jenereta wakati wa kupiga filamu. Kwa hiyo lazima godoro lionekane kwenye bango. Si nembo. Nembo aliileta, ni picha ya kadi yake ya biashara iliyopigwa juu ya sahani ya katogo, ndizi bado zinaonekana pembeni. Alitaka godoro lenyewe, lionekane maua yake na mishono yake. Nikauliza kwa adabu, Hajji, ndugu wanapigania kibanja, moto unawaka, helikopta iko juu, godoro linakaa wapi?

"Stelingi si anaruka kutoka kwenye helikopta? Anaangukia wapi, kwenye mawe?"

Mzee ana akili. Nikalichonga. Nikaweka maua, nikaweka utepe wa pembeni, nikalibonyeza kidogo pale goti la stelingi linapogusa. Bila kujisifu, lile bonyeo ni kazi bora kuliko helikopta yote.

Nikapanda boda na flashi mfukoni mpaka Nasser Road kwa wachapaji, maana faili lenye matabaka yake yote kulituma kwa intaneti ni kuchoma bando, na bando tangu mwaka 2021 lina kodi ya asilimia 12. Nafika, mchapaji ananiambia kazi ilishatoka. Imetokaje? Prodyuza alimtumia ile picha ndogo ya majaribio kwa simu, na hiyo programu ya ujumbe ilishaiminya mpaka moto umekuwa miraba miraba. Wakaivuta ikajaa turubai la mita mbili. Maiti haitambuliki, na huyo ndiye aliyegombea kichwa. Wakachapa upya kwa faili langu, na prodyuza akalalamika anga la buluu limefifia. Nikamweleza: skrini inawasha mwanga, karatasi inakunywa wino, kuna buluu ambazo wino nne za mashine haziwezi kuzifikia hata ufanyeje. Akasema, "Ongeza mwangaza wa karatasi."

Uzinduzi ukafanyika kwenye kibanda kimoja cha video huko Katwe. Watu walijaa, kisa bango. Dakika zikaenda, ndugu wanagombana, wanakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wanarudi, wanagombana. Vijana nyuma wakaanza: helikopta iko wapi? Vijei, aliyekuwa akisimulia filamu kwa kipaza sauti, ni mtu mzoefu, akawatuliza: "Helikopta imekwama kwenye foleni ya Jinja Road, vumilieni!" Watu wakacheka. Baadaye akasema imeishiwa mafuta Nakawa. Wakacheka kidogo. Filamu ikaisha kwa ndugu kupatana chini ya mwembe, na hapo hakuna aliyecheka. Wanadai viingilio vyao. Prodyuza akasimama, akanyoosha kidole moja kwa moja hadi nilipojibanza: "Mwenye helikopta ni yule pale!"

Nililala kwa rafiki.

Hela ya baada ya uzinduzi mnajua ilivyokuwa. Simu haipokelewi. Nikaazima namba ya jirani, na badala ya Kiganda changu cha kuungaunga nikapiga kwa Kiswahili kikavu: "Nataka hela ya watu leo." Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini masikioni mwa watu wa Kampala bado kimevaa buti. Akajibu, "Ndiyo, afande," na nusu ya hela ikaingia saa ileile. Nusu ya pili ilikwama aliponitambua sauti.

Aliyenitafuta mwenyewe ni Hajji. Kasema watu wanaingia dukani na picha ya bango kwenye simu, hawaulizi filamu, wanauliza lile godoro aliloangukia jamaa lina unene gani. Anataka bango kubwa la dukani: godoro peke yake, limepasuliwa katikati ionekane sponji, matabaka yote. Ndugu, kibanja na maiti watoke. Helikopta ibaki, lakini kwa mbali.

Nikaifanya kazi, akaipenda, akalipa papo hapo, nusu taslimu na nusu godoro. Nikakubali, ningefanyaje? Nikalifunga kwenye boda, nikakaa nimelikumbatia mpaka Ndeeba, upepo unalivuta kama tanga, magari yanapiga honi. Tumefika, kijana ananidai nauli ya watu wawili.

"Wawili gani? Si niko peke yangu na godoro!"

"Mzee," akasema, "si wewe uliyeniambia pale dukani kwamba hili ni la watu wawili?"